Mtindi uliogoma kuganda

Simu iliingia Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, na yule mama hakuanza hata na salamu ya "ndaga" kama ilivyo desturi yake. "Dokta, maziwa yamegoma tena." Mimi si daktari wa watu wala wa ng'ombe, nafanya kazi maabara hapa Mbeya mjini. Lakini huku kwetu ukishaonekana na koti jeupe mara moja, cheo umeshapewa.

Mama huyu anatengeneza mtindi chini kidogo ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Ana chumba kimoja chenye sakafu ya vigae, majiko mawili ya gesi, masufuria makubwa, na ndoo nyeupe zenye vifuniko. Kila asubuhi anapokea lita 90 hivi kutoka kwa wafugaji watano. Rungwe inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, matete hayakauki na migomba haikauki, kwa hiyo ng'ombe wa maziwa anakaa bandani nyuma ya nyumba, mmoja au wawili kwa kaya, na maziwa yanafika kwa ndoo kichwani au kwa bodaboda. Mama anayapima kwa laktomita kuona kama yametiwa maji, anayapima kwa spiriti kuona kama yameanza kuchacha, kisha anachuja, anachemsha, anasubiri yapoe hadi nyuzi 43 au 44, anatia mbegu, yaani bakteria wa kugandisha mtindi, anafunika ndoo kwa mablanketi. Baada ya saa tano mtindi unakuwa tayari.

Safari hii saa tano zilipita, saa nane zikapita, maziwa yakabaki maziwa. Kesho yake yalikuwa na mapovu, yanavutika kama mlenda, na harufu ya zizi. Hilo lilikuwa pigo la tatu ndani ya siku kumi. Lita 270 zimemwagwa.

Kabla sijafika, washauri walikuwa wameshafika. Wa kwanza alisema ni uchafu, na mama akasugua kila kitu kwa klorini mpaka wasichana wake wakawa wanapiga chafya. Ushauri haukuwa wa kijinga, mapovu yale kweli yaliletwa na bakteria wa kinyesi walioingia baada ya kuchemsha. Ila namna ya kuitumia klorini ilikuwa mbovu: anamimina nusu kikombe kwenye ndoo ambayo bado ina utando wa maziwa. Klorini haichagui. Ikikuta mafuta na protini inamalizikia huko, na bakteria waliojificha kwenye mikwaruzo ya plastiki wanabaki wanaangalia. Ndoo ioshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, isuuzwe, ndipo ije klorini, na haihitaji kuwa nyingi: ile ya dukani ya asilimia 3.5, mililita 6 kwa lita moja ya maji zinatoa kiasi cha sehemu 200 kwa milioni, na hiyo inatosha kabisa.

Mshauri wa pili, ndugu yake aliye Dar es Salaam, alisema tatizo ni milima. Maji huku yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo wadudu hawafi. Nusu ya kwanza ni kweli. Tukuyu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Lakini nyuzi 95 kwa dakika kadhaa zinamuua kila bakteria anayeishi kawaida ndani ya maziwa. Wanaobaki ni wale waliojifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na hao hata nyuzi 100 za Dar haziwawezi. Urefu wa milima unatuumiza mahali pengine, kwenye otoklevu, chombo cha maabara kinachoua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo. Geji ikisoma pauni 15 pwani, ndani kuna nyuzi 121. Geji hiyohiyo ikisoma pauni 15 hapa Mbeya, mita 1,700, ndani kuna nyuzi kama 118, kwa sababu geji inapima kilichozidi hewa ya nje, na hewa yetu ni nyepesi. Nyuzi tatu zinaonekana kitu kidogo. Kwa spora, kila ukipungukiwa nyuzi 10 unahitaji muda mara kumi, kwa hiyo nyuzi tatu tu zinakudai muda mara mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kutupa sahani za agari, rojo la kuoteshea bakteria, wiki mbili mfululizo kabla sijaelewa hilo. Tunarudi Tukuyu.

Mshauri wa tatu alisema mbegu imekufa. Mama akanunua pakiti mpya, akaifungua mbele ya mashahidi. Ikagoma vilevile. Hapo nilijua jambo moja: kosa halimo kwenye mbegu wala kwenye moto. Limo ndani ya maziwa yenyewe, na kuchemsha hakuliondoi.

Nilimwomba anitunzie nusu lita ya kila mfugaji, kila moja na chupa yake, kabla ya kuchanganya. Jumanne nikapanda basi na karatasi za kupimia asidi, kipimajoto na chupa tano za kioo za jemu. Tulichemsha kila sampuli peke yake, tukapoza hadi nyuzi 44, tukatia kila moja kijiko kimoja cha mbegu ileile, tukazipanga kwenye beseni la maji ya uvuguvugu lililofunikwa blanketi. Nikaandika namba kwenye vifuniko, 1 hadi 5. Mama alitaka tuandike majina. Nilikataa, jina la mtu kwenye kifuniko ni kesi mtaani kabla majibu hayajatoka.

Saa nne baadaye tukafunua. Chupa ya 1 ukiinamisha, mtindi unasogea kama jeli, wote kwa pamoja, na ukingo unang'aa. Ya 2 hivyo. Ya 4 na ya 5 hivyo. Ya 3 ilikwenda upande mmoja kama chai. Karatasi ya asidi kwenye zile nne ilisoma karibu 4.5, na protini ya maziwa inaganda kwenye 4.6. Kwenye ya 3 ilisoma karibu 6.5, yaani maziwa mabichi kabisa, kana kwamba hakuna mtu aliyetia kitu.

Mama alinyamaza kidogo. "Huyo ndiye msafi kuliko wote," akasema.

Nilikuwa nimebeba kwenye chupa ya barafu kitu kingine, kichupa kilichobaki friji ya maabara: kimeng'enya kinachoitwa penisilinase. Kazi yake ni moja tu. Molekuli ya penisilini ina pete ndogo ya pembe nne, na pete hiyo ndiyo silaha yake, ndiyo inayozuia bakteria kujenga ukuta wao. Kimeng'enya kinaikata hiyo pete na dawa inakuwa si dawa. Tulichukua maziwa ya namba 3 yaliyobaki, tukayagawa chupa mbili, moja tukaidondoshea kimeng'enya, nyingine tukaiacha, zote mbili zikapata mbegu. Nililala Tukuyu siku hiyo kwa sababu ya chupa hizo. Saa tatu usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, iliyodondoshewa kimeng'enya ilikuwa imeganda. Mwenzake bado chai.

Kwa hiyo ni penisilini, au ndugu yake wa karibu. Bakteria wawili wanaoitengeneza yogati, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, hawana kinga nayo, na huyo wa kwanza ndiye dhaifu zaidi, mikrogramu chache kwa lita zinatosha kumlaza. Moto hausaidii: penisilini inapita kwenye joto la kuchemsha maziwa na sehemu kubwa yake inatoka salama. Wale wa kinyesi walioleta mapovu, wao wana utando wa nje ambao penisilini ya kawaida inapata taabu kuupenya. Ukiwaondolea mwenye nyumba, wanaingia sebuleni. Ndiyo maana mtindi ulionekana mchafu, na ndiyo maana kila mtu alisugua ndoo.

Kesho yake tulikwenda kwa mfugaji namba 3, mimi na mama, bila kelele. Ni babu mmoja, mjane, anaishi na mjukuu. Banda lake limezolewa, sakafu ya mbao imeoshwa, kitambaa cha kukaushia kiwele kimeanikwa juani. Ng'ombe wake anaitwa Tunu. Nilipogusa robo ya nyuma kushoto ya kiwele, Tunu alirusha mguu. Ilikuwa ngumu kama embe bichi.

"Babu, huyu ametibiwa lini?"

"Anatibiwa, mwanangu. Wiki ya tatu sasa. Lakini sijamuuzia mama hata tone la robo hiyo. Hiyo namwaga. Nauza hizi tatu nzima."

Hapo ndipo kisa chote kilipokuwa, na sikuwa na moyo wa kumlaumu. Alifanya ambacho akili ya kawaida ingemwambia mtu afanye. Alichokuwa hajui ni kwamba dawa ikishatiwa kwenye robo moja, sehemu yake inaingia kwenye damu, na damu inailisha kiwele kizima. Robo tatu "nzima" zilikuwa zinatoa maziwa yenye dawa. Halafu katika wiki ya pili, alipoona tyubu za dawa anazotia kwenye chuchu hazisaidii, alimwongezea na sindano za penisilini msulini, ambazo zinakwenda kote bila hata kuzunguka.

Nilimuuliza kama kikaratasi cha maelekezo kilisema asubiri siku ngapi. Hakuna kikaratasi. Dukani boksi linafunguliwa, tyubu zinauzwa moja moja, na karatasi inabaki ndani ya boksi juu ya rafu. Kwenye karatasi hiyo muda wa kusubiri umeandikwa, saa 72 kwa dawa hii, saa 96 kwa ile, kutegemea aina. Sitaji duka, na kusema kweli si duka moja.

Niliwapigia hesabu pale pale kwenye kigogo cha kukamulia. Kikomo cha kimataifa cha penisilini kwenye maziwa ni mikrogramu 4 kwa lita. Chukua tyubu yenye miligramu 200. Hizo ni mikrogramu 200,000. Gawa kwa 4: tyubu moja ikitawanywa sawasawa inatosha kuzifikisha lita 50,000 kwenye kikomo. Mama anatengeneza lita 90. Kwamba lita 18 za babu zilichanganywa na 72 za wenzake hakukuokoa chochote.

Lakini swali lililonikaa kichwani njiani kurudi Mbeya lilikuwa lingine. Dawa ina nguvu ya kuua mtindi wa mtaa mzima. Sasa kwa nini haikumuua mdudu aliyemo kwenye kiwele, ambako imemiminwa yenyewe, bila kuchanganywa na chochote?

Nilikuwa nimefuta ncha ya chuchu ile kwa spiriti, nikamwaga matone ya kwanza, nikakinga kidogo kwenye kichupa safi. Kwenye agari ya damu, asubuhi iliyofuata, palikuwa na madoa ya mviringo, rangi ya samli, kila doa na duara angavu kuzunguka, pale alipozila chembe za damu. Nilipomtia kwenye plazma ya sungura, yaani majimaji ya damu, plazma ikaganda, kitu pekee kilichoganda wiki ile bila matata. Hizo ni alama za Staphylococcus aureus, mkazi wa zamani wa viwele na wa mikono ya wakamuaji.

Halafu nikamtandaza kwenye sahani nyingine na kuweka katikati kidonge cha karatasi chenye penisilini. Duara tupu lilitokea, dogo, lakini lililonivutia ni ukingo wake. Bakteria asiye na kinga anafifia taratibu kuelekea kwenye dawa, kama ufukwe unavyoingia majini. Huyu alikuwa amesimama wima, ukingo umekatwa kama genge la mto Kiwira, na hapo ukingoni makoloni, yaani vikundi vya bakteria, yamenona. Picha hiyo ina maana moja: bakteria wanatengeneza kimeng'enya cha kuikata penisilini, na walio wengi wanawakinga walio nyuma. Nikachukua koloni moja nikaisugua kwenye matone ya nitrosefini, kemikali ya njano inayobadilika rangi ikikatwa na kimeng'enya hicho. Dakika chache, nyekundu.

Ni penisilinase, kimeng'enya cha kazi ileile ya kile kilichokuwa kwenye kichupa changu. Kile nilichokidondosha kwenye chupa ya jemu kuuokoa mtindi, mdudu wa Tunu alikuwa anakitengeneza mwenyewe ndani ya kiwele. Yeye ana jeni la kukifanya. Bakteria wa mtindi hawana. Dawa ilimkosa aliyetumiwa, ikaenda kumpata aliyekaa kilomita mbili chini ya mlima akisubiri kazi.

Watu husema "mdudu ameizoea dawa", hata sisi wa maabara tunasema tukiwa tumechoka. Neno hilo limetupotosha sana. Linamfanya bakteria aonekane kama mtu anayeanza kunywa gongo kidogo kidogo. Mwaka 1952 wanasayansi wa Marekani, Esther na Joshua Lederberg, walichukua kipande cha velveti, wakakigandamiza kwenye sahani iliyojaa makoloni, wakakihamishia kama muhuri kwenye sahani zenye dawa, na wakaonyesha kwamba waliopona huko walikuwa tayari wana sifa hiyo kwenye sahani ya kwanza, ambayo haijawahi kuonja dawa. Dawa haimfundishi bakteria. Inawafagia wasio nayo na kumwachia uwanja aliye nayo.

Na jeni hili halikuzaliwa Rungwe. Kimeng'enya cha kuikata penisilini kilielezwa na watafiti Abraham na Chain kule Oxford mwaka 1940, ilhali mgonjwa wao wa kwanza kutibiwa maambukizi kwa dawa yenyewe alidungwa Februari 1941. Yaani ufunguo wa kuivunja ulikuwa mezani kabla kufuli halijauzwa. Kwa Staphylococcus jeni hilo, blaZ, mara nyingi linakaa kwenye plasmidi, kipete cha DNA kilicho kando ya kromosomu, kinachojinakili chenyewe na kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, mara nyingi kikiwa kimebebwa na virusi vya bakteria. Halifanyi kazi muda wote. Kwenye utando wa bakteria kuna protini inayochungulia nje, na juu ya DNA kuna protini nyingine iliyolikalia jeni kama komeo. Penisilini ikimgusa mchunguliaji, komeo linakatwa, kiwanda kinawashwa. Ukitaka kusema hapo kuna kuzoea, sawa, nakubali kidogo. Ila ni kuzoea kwa aliyezaliwa na kiwanda.

Kwa hiyo kila mara babu alipoona nafuu haiji na kuongeza tyubu, alikuwa anawasha kiwanda na kuongeza kinachovuja kwenda kwa mama. Tiba ilivyozidi kushindwa ndivyo mtindi ulivyozidi kufa.

Nikiwa bado sijatoa majibu, ndugu wa Dar es Salaam alipiga tena na wazo jipya, safari hii la kijanja: chukua mtindi uliojaribu kuganda, utumie kama mbegu, rudia rudia, mwishowe utapata mbegu inayohimili dawa na shida imekwisha. Najua mtu anayeweza kulifuata. Tatizo si kwamba haliwezekani, tatizo ni likifanikiwa. Majeni ya kuhimili dawa ya tetrasaiklini yameshakutwa kwenye baadhi ya bakteria wa maziwa yaliyochachushwa, na jeni likiwa kwenye kitu kinachohama, kila bilauri ya mtindi inakuwa basi la abiria kwenda tumboni kwa mtoto, ambako kuna bakteria wengine wengi wa kupokea wageni. Mbegu dhaifu ya mama ndiyo kengele yake ya bure. Nilimwambia asiizibe mdomo.

Mama naye akauliza kama maziwa ya Tunu wampe ndama, maana kumwaga kunauma. Hapana. Ndama anayekunywa dawa kidogo kidogo kila siku anafuga utumboni mwake hao hao wenye majeni. Yakamwagwa kwenye shimo, mbali na kijito.

Kuhusu Tunu, nilimpelekea daktari wa mifugo wa eneo majibu, kwa sababu hapo ndipo koti langu linapoishia. Mdudu wake alikuwa bado anaanguka kwa kloksasilini, ndugu wa penisilini ambaye pete yake imekingwa isikatwe kirahisi. Lakini Staphylococcus aureus aliyekaa wiki tatu ameshajichimbia vijipu ndani ya nyama ya kiwele, dawa inamfikia kwa shida, kwa hiyo daktari aliamua Tunu aachwe kukamuliwa mapema, atiwe dawa ya kipindi cha ukavu, na akizaa apimwe upya. Mjukuu akafundishwa kunawa mikono kati ya kiwele na kiwele, na kuchovya kila chuchu kwenye iodini baada ya kukamua. Kwa maoni yangu, kile kikombe cha iodini kingewaokoa mapema kuliko tyubu zote zile, na bei yake ni ndogo mno, labda ndiyo sababu hakuna anayekitangaza.

Kazi ya chupa za jemu imebaki. Mama ana chupa tano dirishani, na mfugaji yeyote anayemtibu ng'ombe analeta sampuli baada ya muda wa kusubiri kwisha, inachemshwa, inatiwa mbegu, na jirani yake inawekwa chupa ya maziwa yasiyo na shaka kwa kulinganisha. Haigundui kila dawa, na inachukua saa nne, lakini inagundua kile kinachomwangamiza yeye.

Malipo ya lita 270 walizungumza wenyewe na mimi sikukaa kusikiliza. Nilichoona ni babu akiingia Ijumaa na mkungu wa ndizi begani, akauweka mlangoni bila neno, na mama akamvutia kigoda. "Babu," akamwambia, "Tunu akizaa, unaniletea chupa kwanza." Babu akauliza chupa ya ukubwa gani. Mama akashusha moja dirishani, akaipangusa kwa aproni, akampa.